Mogo na Mvuje

Neno lililonifikisha mlangoni lilikuwa mogo. Liliandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliosimamishwa kando ya njia, na chini yake palikuwa na herufi za Kigujarati ambazo sijui kuzisoma. Nilikuwa Leicester, Uingereza, mwezi wa Oktoba, saa saba ya mchana uliokuwa na kiza kama cha magharibi. Nilikuwa nimealikwa kwenye warsha ya wafasiri katika mji mwingine, nikajaliwa siku moja isiyo na kazi, nikapanda treni. Nilikwisha kupita maduka ya sari, ya dhahabu, ya peremende zilizopangwa kama matofali, na kote huko sikusimama. Mogo ndilo lililonisimamisha. Kabla sijafikiri nilikwisha kujua kwamba neno hilo ni letu: ni muhogo uliomeza silabi yake moja njiani, kama msafiri aliyetua sehemu ya mzigo ili apite mlangoni.

Barabara ile inaitwa Belgrave Road, na wenyeji huipa jina la Golden Mile, Maili ya Dhahabu. Taa za Diwali zilikuwa zimekwisha kutundikwa kutoka nguzo hadi nguzo, bado hazijawashwa. Wengi wa walioijenga biashara yake hawakutoka India moja kwa moja. Walitoka kwetu: Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, Unguja na Tanzania Bara, na zaidi ya wote Uganda, baada ya Idi Amin kutangaza Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke katika siku tisini. Zaidi ya watu 27,000 waliingia Uingereza kwa amri ile. Halmashauri ya jiji la Leicester ililipa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba mwaka huo huo, kuwasihi wasije, kwamba nyumba zimejaa na shule zimejaa. Walikuja. Inasemekana wapo ambao hawakuwa wameujua mji huo mpaka walipousoma kwenye tangazo la kuwakataza.

Nikaingia. Mkahawa ulikuwa mdogo, meza kumi hivi, na ukutani palikuwa na kibao kilichosema kwamba humo ndani hakupikwi nyama, samaki wala mayai, na kwamba anayetaka chakula kisicho na kitunguu wala kitunguu saumu aseme mapema.

Hapa niwatoe kidogo mezani, kwa sababu mtu mwenye ugonjwa wa maneno hali kwa amani. Kibao kile nilijaribu kukifasiri kichwani, nikakwama kwenye neno la kwanza. Kwetu mtu asiyekula nyama anaitwaje? Nimeona watu wakiandika "mla mboga". Lakini mboga ni nini? Kwa Watanzania wengi mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali. "Leo mboga ni nini?" "Mboga ni nyama." Hakuna anayecheka, kwa sababu hakuna kichekesho. Ndiyo maana tukitaka kusema mchicha na kisamvu inatubidi tuongeze, mboga za majani, au tuirudierudie, mbogamboga, kana kwamba tunaomba radhi. Mla mboga kwa Kiswahili changu cha Tanga anaweza kuwa amekula mbuzi mzima.

Na upande wa pili ni mgumu zaidi. Nyama na mnyama ni shina moja, na ukipita katika lugha nyingi za Kibantu utaukuta ukoo huo huo. Yaani tulipomwita punda milia mnyama, tulikwisha kumwona sufuriani. Kigujarati, kwa upande wake, kina neno shakahari, mwenye kula shaak, na shaak ndicho kitoweo chenyewe cha kila siku: bamia ni shaak, bilingani ni shaak, viazi ni shaak. Wao wameanzia kwenye jani na sisi tumeanzia kwenye windo. Sisemi nani bora. Nasema tu kwamba mfasiri aliyekaa kati ya maneno haya mawili hana kiti.

Basi niliagiza sinia, ile waiitayo thali. Ikaja ya chuma cheupe king'aacho, na vibakuli vyake vimeizunguka kama vifaranga. Rotli nne nyembamba zilizopakwa samli. Wali. Dali yenye utamu wa sukari guru na ukali wa ndimu kwa pamoja. Bamia zilizokaangwa kavu. Viazi kwa haradali. Kadhi, mchuzi mweupe wa mtindi na unga wa dengu. Achari ya embe. Kachumbari. Bilauri ya mtindi mwepesi wenye bizari nyembamba. Na kando, katika sahani yake peke yake, ile mogo: vipande vinene vya muhogo uliochemshwa kisha ukakaangwa, ukanyunyiziwa pilipili na ndimu, vile vile unavyouzwa jioni ufukweni Tanga, isipokuwa pale haukufungwa kwenye gazeti.

Mhudumu alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, mzaliwa wa Leicester, mwenye Kiingereza cha Leicester. Nilimwuliza kama anajua mogo ni neno la wapi. La kwetu, akajibu, Kigujarati. Nikamwuliza nyumbani kwao karanga huziitaje. Jugu. Na kile cha kufagilia? Fagio. Chungu cha kupikia? Sufuria. Akasema kwamba alipokuwa mdogo alikwenda India kwa ndugu wa mama yake, akaomba fagio, na nyumba nzima ikabaki kumkodolea macho. Ndipo alipojua kwamba baadhi ya Kigujarati chake hakikuwa Kigujarati. Nami nikamhesabia madeni yetu kwao: chapati, bajia, achari, kachumbari, na nje ya jikoni pesa, laki, bima, gari, dobi, bangili. Hakuliamini neno bima. "Bima?" akarudia, akaenda zake jikoni akicheka, na nikamsikia akilitangaza huko ndani.

Nikaionja ile dali. Harufu iliyopanda haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya watoto wachanga, ya kaniki, ya chumba kilichofungwa madirisha. Ilinichukua muda kuitambua: mvuje. Wasomaji wa pwani mnaujua. Wa bara pengine hamjaukuta. Ni utomvu uliokauka wenye harufu nzito, na kwetu mtoto mchanga hufungiwa kipande chake katika kitambaa mkononi ili vijicho na vijini vimpite mbali. Kwa Wagujarati ni kiungo cha kila siku, huitwa hing, na wafuasi wa Kijaini na wa baadhi ya madhehebu ya Kihindu wasiokula kitunguu wala saumu huutumia kuipa dali ule uzito ambao sisi huupata kwenye kitunguu. Mwezi mzima ningeweza kukaa nikishangaa kwamba kitu kimoja, huku kinafukuza shetani na kule kinaita wageni. Lakini sikushangaa, kwa kuwa nilikwisha kuambiwa. Aliyeniambia ni mama yangu. Aliujua mvuje wa aina zote mbili, kwa sababu asubuhi aliniacha mimi na kitambaa changu mkononi, akaenda kuutia kwenye mafuta ya moto ya watu wengine.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya familia moja ya Kigujarati mjini Tanga kwa miaka kumi na moja. Alianza kwa kufua, akaishia kwenye upishi, jambo ambalo katika nyumba za wasiokula nyama halikuwa dogo: alipaswa kuoga kabla ya kushika chungu, na hakuruhusiwa kuingia na kifurushi chochote kutoka sokoni bila kukaguliwa. Kikombe chake kilikuwa cha bati na kilikaa kwenye dirisha la uani, peke yake. Vikombe vya wenyewe vilikaa kabatini. Na jina lake hawakulitumia. Walimwita kwa jina la mtumishi aliyemtangulia, kwa sababu walikwisha kulizoea. Miaka kumi na moja mama yangu aliitika jina la mwanamke ambaye hakupata kumwona.

Nimelijua hilo tangu utoto, na nilidhani nimelimaliza. Pale Leicester, maji yalipoletwa katika kikombe cha chuma, cha aina ile ile wanayonywea wote mle ndani, niligundua kwamba sijalimaliza.

Gandhi alikuwa Mgujarati wa Porbandar. Alipokwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, pombe wala mwanamke. Kiapo hicho kilimshindisha na njaa siku nyingi, akizunguka mitaa kutafuta pa kula, mpaka alipokutana na mkahawa usiopika nyama katika mtaa wa Farringdon, na ameandika katika tawasifu yake kwamba huo ulikuwa mlo wake wa kwanza wa kushiba tangu aingie Uingereza. Habari hii naipenda sana, na kila ninapoisoma huwa nasikia haya kidogo, kwa sababu nafsi yangu humwuliza mambo ambayo hakuulizwa: mle ndani ya nyumba ya mama yake, nani alifua, na alinywea wapi.

Nilikuwa katikati ya rotli ya tatu mama mmoja alipotoka jikoni. Alikuwa na umri wa miaka sabini na zaidi, sari ya rangi ya kijivu na sweta juu yake. Alikuwa nyanya yake yule msichana. Akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Jambo," akasema.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikainuka nusu.

Hakulijua. Alitabasamu, akasubiri, kama mtu anayengojea neno linalofuata. Si ajabu, na wala si kosa: alizaliwa Jinja, na huko shikamoo si salamu ya kila mlango kama kwetu. Akavuta kiti.

"Wewe natoka wapi?"

"Tanga."

"Aa, Tanganyika. Mimi Jinja. Baba yangu nakuwa na duka. Kula. Kula, natapoa."

Sikiandiki Kiswahili chake ili tukicheke. Wapo Wahindi wa Unguja, Mombasa na Lamu wanaokisema Kiswahili kwa namna ya kututia aibu sisi, na kuna Kikachi-Kiswahili ambacho ni lugha ya nyumbani ya watu na kinastahili kuandikiwa kwa urefu siku nyingine. Huyu hakuwa mmoja wao. Alikisema kwa fahari na kwa pupa, kama mtu aliyefungua sanduku lisilofunguliwa miaka mingi, akitoa kimoja kimoja kunionyesha kwamba bado vipo. "Mimi hapana sahau," akasema. Akaanza kuhesabu kwa vidole: "Lete maji. Fagia nyumba. Washa moto. Funga mlango. Ngoja hapa. Kesho kuja mapema."

Alikuwa na furaha. Mjukuu wake alisimama nyuma yake, naye ana furaha. Nami nilikaa na rotli mkononi nikisikiliza.

Wana lugha mtanielewa. Katika hazina yake yote hapakuwa na kitenzi kisicho cha amri. Hapakuwa na "naomba". Hapakuwa na ile njia laini yetu ya kumalizia kwa e, "uniletee", "tufunge", inayoigeuza amri ikawa ombi bila kuongeza neno. Na hata hivyo, jambo lililonichoma zaidi ni kwamba alisema lete. Hakusema leta, kama asemavyo mgeni anayefuata kanuni. Alisema lete, kwa ile e ya ajabu ambayo kitenzi hiki hukipata kikiamrisha, na ambayo hakuna anayeijua ila aliyefunzwa na mwenye lugha. Mtu fulani alikuwa amemfundisha vizuri. Mtu fulani alikuwa amesema lete mbele ya mtoto yule mara nyingi, naye huyo mtu ndiye aliyekuwa akiletewa hizo amri.

"Nani alikufundisha Kiswahili, mama?"

"Yaya," akajibu pale pale, na uso wake ukabadilika. "Yaya nalea mimi. Nalea kaka yangu. Siku sisi nakwenda, yeye nalia, mimi nalia. Baba napa yeye ufunguo ya nyumba." Akaonyesha kwa mkono jinsi ufunguo ulivyotolewa. "Hapana sanduku, hapana kitu. Ufunguo tu."

"Jina lake nani?"

"Yaya."

"Jina lake hasa. La kwao."

Alifungua kinywa. Akamtazama mjukuu wake, akaitazama sinia yangu. Nilikuwa namwona akitafuta, akipita chumba hadi chumba katika nyumba ile ya Jinja. Alitafuta kwa muda mrefu kupita ninavyoweza kuandika hapa, na sitasema uongo: sehemu ya moyo wangu ilifurahi kwamba hakulipata. Ndilo jambo ninaloliona aibu zaidi katika safari yote.

"Sisi naita Yaya," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Nikamwambia kwamba mama yangu naye alipika kwenye nyumba ya watu wa lugha yao, Tanga. Sikumwambia habari ya kikombe. Sikumwambia habari ya jina la kuazima. Nilimtajia tu jina la mama, zima, lake na la baba yake. Ni moja ya yale majina ya pwani yanayoanza na Mwana, na mara ya kwanza ulimi wake ulikwama hapo kwenye mwa. Akalirudia. Mara ya pili lilitoka sawasawa. Akaniambia "ngoja hapa", akaingia jikoni, akarudi na sahani ya pili ya mogo, akaisukuma mbele yangu. "Chukua," akasema.

Hesabu ilipoletwa, sahani ya kwanza ilikuwamo na ya pili haikuwamo.

Katika treni nilitoa daftari. Msiniulize kwa nini hisia zikizidi mimi hukimbilia tarbia. Wengine hukimbilia sigara. Nilipata ubeti mmoja:

Kikombe kwenye dirisha, kando kiliwekwa pweke,
Chai aliyoipasha, haikuwa chai yake,
Jina wakabadilisha, lisisikike la kwake,
Leo naja likumbusha, nilitaje jina lake.

Mizani imetimia, nane kwa nane. Vina vimekaa. Niliuridhia ubeti wangu, na nilipofika hotelini nilimpigia mama simu. Ilikuwa usiku Tanga, lakini huchelewa kulala. Nilimweleza habari ya mkahawa, ya yule mama wa Jinja, ya ufunguo, kisha nikamsomea.

Alinyamaza kidogo.

"Huo mstari wa pili ni uongo," akasema.

"Upi?"

"Wa chai. Nani kakwambia haikuwa chai yangu? Ile chai nilikuwa nikiinywa mimi kwanza, jikoni, ikiwa moto, kabla haijaenda kwao. Wao walikunywa iliyobaki." Akacheka kicheko chake kile cha puani. "Kwa kikombe changu mwenyewe. Ulitaka nikinywee kikombe chao?"

Sikuwa na la kujibu. Nilijaribu kuutengeneza ule mstari usiku huo na siku zilizofuata, na kila nilipoupatia ukweli wa mama niliupotezea kina, na nilipourudishia kina ukweli ukatoka. Umekaa hivyo hivyo daftarini, na nimeuandika hapa kama ulivyo, pamoja na kosa lake, ili mwenye kuweza anisaidie.

Nilimwuliza kuhusu lile jina la mtumishi wa kwanza, kama lilimwudhi. Alisema kwamba mwanzoni aliitika kwa sababu ya mshahara, na baadaye aliitika kwa ajili ya yule mwanamke, maana huenda hakuna mwingine aliyekuwa bado anamwita. Kisha akakata maneno, kama afanyavyo nikianza kumchokonoa.

"Hiyo kadhi yao," akasema, "ilikuwa na sukari?"

"Ilikuwa nayo."

"Na majani ya mchuzi?"

"Yalikuwamo."

"Basi ni wenyewe hao. Na rotli walikupa ngapi?"

"Nne."

"Chache," akasema mama. "Mimi nilikuwa nikiwapa sita."